Mipira Iliyolala Korongoni

Mpira haujui bei, wajua mkono.

Ndiyo maneno mliyoyasikia leo asubuhi, pale Mwalimu Kihongosi alipomjibu yule binti aliyesema hawezi kushindana mbio mpaka wazazi wamnunulie viatu kama vya wanariadha wa kwenye televisheni. Mlicheka, kisha mkaja kuniuliza ni mpira gani huo. Wengi hudhani ni wa miguu. Siyo. Ni mpira mdogo, mgumu, mweupe, unaotosha kufichwa ndani ya ngumi. Methali yenyewe ilizaliwa huku huku kwetu kwenye chai, na chanzo chake ni hiki.

Zamani hizo kampuni yenye mashamba ya chai ilikuwa na uwanja wa gofu wa mashimo tisa. Wageni walioutengeneza walikwishaondoka, lakini majani yaliendelea kukatwa, bendera ziliendelea kupepea, na klabu ikaendelea kuwa ya mameneja na marafiki zao. Wafanyakazi wa kiwandani waliupita kwa mbali wakienda zamu. Hapakuwa na sheria ya kuwakataza. Ni vile tu hakuna aliyewahi kuomba.

Wa kwanza kuomba alikuwa Zebedayo Kiyeyeu, fundi wa mitambo ya kukaushia chai, mtu mpole wa miaka thelathini na minne, mwenye mikono mipana iliyozoea spana. Siku moja alitumwa kutengeneza pampu iliyokuwa karibu na shimo la saba. Hilo shimo la saba lilikuwa na sifa ya kutisha, kwa sababu kati ya mahali pa kupigia na ilipo bendera hapakuwa na ardhi. Palikuwa na korongo. Miti ya porini iliota humo tangu enzi na enzi, na asubuhi ukungu ulipanda kutoka chini kama moshi wa chungu kikubwa. Zebedayo akiwa amepiga magoti kwenye pampu, alisikia mlio mkavu, akainua macho, akaona mpira mweupe ukipaa juu ya ukungu, ukipanda, ukipanda, mpaka akadhani hautarudi tena duniani. Kisha ukashuka ng'ambo, taratibu, kama ndege anayejua kiota chake. Alisahau pampu. Alisimama pale na spana mkononi, na tangu saa ile hakuwa na amani mpaka alipoandika barua ya kuomba uanachama.

Mwenyekiti wa klabu, Bwana Mtweve, alikuwa mtu wa maneno machache. Alimwita, akamwambia, "Miezi mitatu ujifunze. Siku ya mwisho utacheza mbele ya kamati. Pale shimo la saba utakuwa na mipira miwili tu. Ukivusha mmoja, wewe ni mwanachama. Usipovusha, tutajua kwamba tuliharakisha mambo."

Zebedayo alielewa. Kiwandani walikuwepo wenzake wanne walioandika barua kama yake na kuziweka mfukoni, wakisubiri kuona yeye atafika wapi. Akishindwa, si mlango wake peke yake utakaofungwa.

Fimbo aliazimwa na klabu. Mipira ndiyo iliyompa mawazo. Mfanyabiashara mmoja aliyekuja kucheza mwisho wa juma alimwonyesha boksi la mipira ya Ulaya, kila mmoja umefungwa kwenye karatasi laini kama pipi. Akamwambia, "Fundi, usijitese. Mpira mzuri unajipeleka wenyewe." Zebedayo akauza baiskeli yake, akalinunua lile boksi. Kuanzia hapo akawa anakwenda zamu kwa miguu, na jioni kabla ya kula anaifungua ile mipira kumi na miwili, anaitazama, anaifunga tena. Mkewe alimwuliza kama ni mayai anayoyaatamia.

Kedi aliyepangiwa kumbebea mfuko wa fimbo alikuwa Mama Sikitu Mgovano, mwanamke mrefu, mkavu, anayekaribia miaka sitini. Alikuwa ameingia uwanjani kama mkata majani akiwa msichana, na kwa miaka thelathini na moja alibeba mifuko ya watu bila kusema zaidi ya alichoulizwa.

Wiki ya kwanza Zebedayo alipoteza mipira mitatu. Mmoja uliingia kwenye chai, miwili korongoni. Wiki ya pili akapoteza minne. Ajabu ni kwamba kadiri mipira ilivyopungua, ndivyo mikono yake ilivyozidi kukakamaa. Akiweka mpira kwenye kijiti, jasho linamtoka. Akipiga, mpira unaparaza majani na kutumbukia, naye anabaki akitazama korongo kama mtu aliyedondosha pete ya ndoa kisimani. Mwezi wa tatu ulikuwa ndiyo kwanza umeanza mpira wa kumi na mbili ulipozama.

Aliketi chini palepale. Zilikuwa zimebaki siku ishirini na tano.

"Kamwene, fundi," Mama Sikitu akasema, ingawa walikwishaamkiana asubuhi.

"Kamwene, mama. Mimi nimekwisha. Nitatoa wapi mipira mingine kama ile?"

Mama Sikitu akautua mfuko. "Kesho Jumatatu. Hakuna anayecheza. Njoo na viatu vya kukanyagia matope, tukaitafute mipira yako."

"Korongoni? Watu husema hakushukiki."

"Watu hawajawahi kushuka."

Kesho yake walishuka. Ulikuwa mwezi wa kumi, kiangazi kimekaza, na kijito cha chini kilikuwa kimenywea kuliko miaka mingi. Walishika mizizi, wakapita katikati ya kangaga zilizowafika mabegani. Jua lilibaki juu, likawa kitu cha kukisia. Walipita miti ambayo watu watatu wasingeweza kuikumbatia. Zebedayo, aliyezoea ngurumo za mitambo, alisikia kimya kizito kiasi kwamba alianza kunong'ona bila kuambiwa.

Kisha Mama Sikitu akatenga majani ya mwisho kwa mkono, akasogea kando ili Zebedayo aone.

Palikuwa na kidimbwi, maji yake yamepungua hadi kifundo cha mguu. Na ndani ya kidimbwi, na kando yake, na juu ya miamba, na katikati ya mizizi, ilikuwako mipira. Si kumi wala mia. Ilikuwa imelala kwa mamia na mamia, myeupe, ya manjano, ya kijani kwa ukoga, mingine imezama nusu kwenye tope, mingine imekumbatiwa na mizizi iliyoota juu yake. Jua la saa sita lilipenya pale kwa upenyo mmoja mwembamba, na palipoangukia mwanga mipira iling'aa kama mayai ya ndege asiyejulikana na mtu yeyote. Kila mtu aliyewahi kusimama kule juu kwa miaka sitini na kupiga, akakosa, mpira wake ulikuwa hapa.

Zebedayo alivua kofia. Hakujua kwa nini. Ni kama alikuwa ameingia kanisani.

"Hii yote," akanong'ona, "ni ya nani?"

"Ya wakurugenzi. Ya mabalozi. Ya daktari mmoja aliyekuja na kedi wake kutoka mjini. Ya vijana wa mameneja waliokuwa wanajifunza kama wewe." Mama Sikitu akainama, akachota mipira kwa viganja viwili huku maji yakichuruzika. "Haya, itafute ya Ulaya."

Zebedayo akapiga magoti, akaanza kuokota na kufuta. Maandishi yalikuwa yamelika. Mpira uliopotea juzi ulikwishapakwa tope lile lile lililoupaka mpira uliopotea kabla hajazaliwa. Alitafuta kwa muda mrefu. Alidhani amepata mmoja wake, akausugua kwenye shati, akakuta ni mwingine. Mwishowe akaiacha mikono yake ndani ya maji.

"Siuoni, mama."

"Huuoni kwa sababu haupo. Humu hakuna ghali wala rahisi. Kuna iliyopigwa vibaya."

Akachagua mmoja wenye ukoga na mkwaruzo ubavuni, akautia mfukoni, wakaanza kupanda.

Kule juu uwanja ulikuwa mtupu, na upepo mwepesi ulipita juu ya majani. Mama Sikitu akauweka ule mpira kwenye kijiti. Akavua viatu. Akatoa fimbo moja kwenye mfuko aliokuwa amewabebea wengine nusu ya maisha yake, akasimama. Zebedayo alitaka kucheka kidogo, lakini kitu fulani katika kusimama kwake kilimzuia. Bega lake lilikuwa limetulia. Uso wake ulikuwa wa mtu asiye na haraka na jambo lolote chini ya mbingu.

Fimbo ikaenda nyuma polepole, ikarudi. Mlio ulikuwa ule ule aliousikia siku ya pampu.

Mpira ule mchafu, wenye mkwaruzo, ukapaa. Ukapita juu ya vilele vya miti, juu ya kidimbwi na mamia yake, ukapanda mpaka ukawa punje, ukasimama kidogo hewani kana kwamba unaitazama nchi yote, kisha ukashuka ng'ambo na kutua hatua chache kutoka kwenye bendera. Zebedayo alihisi nywele za mikononi zikisimama. Machozi yalimlengalenga, naye hakuona haya.

"Tangu lini, mama?" akauliza hatimaye.

"Tangu zamani. Jumatatu uwanja hauna mwenyewe. Mipira ninayo, umeiona ilipo."

"Na hakuna anayejua?"

"Hakuna aliyeuliza."

Akavaa viatu vyake. Halafu, kwa sababu sasa alikuwa ameulizwa, akasema zaidi ya alivyowahi kusema kwa miaka thelathini na moja. "Mpira wa Ulaya si mbaya, mwanangu. Nimewabebea mifuko watu wanaoujua. Mchezaji aliyekomaa anauambia usimame unasimama, urudi nyuma unarudi. Lakini wewe bado huna lugha ya kuuambia. Wewe unapiga kama mtu anayeaga mali yake. Roho inausindikiza kabla fimbo haijaugusa, kichwa kinainuka, mkono unaogopa. Chukua hii ya korongoni. Ipoteze mia. Siku ambayo hutajali ukiupoteza, ndiyo siku utakayoupiga."

Kwa siku zilizobaki walifanya hivyo. Kila baada ya zamu Zebedayo alikuja na gunia la mipira ya korongoni. Alipiga ikazama, akapiga ikazama, wala hakutazama ilikozama. Alitazama chini, palepale mpira ulipokuwa, mpaka akaanza kuyaona majani yaliyo chini yake. Siku ya kumi na saba mpira mmoja ulivuka. Siku ya kumi na nane hakuna uliovuka. Siku ya ishirini ilivuka miwili.

Siku ya mtihani ilipofika, kamati nzima ilikuwepo, na nyuma ya ua wa michai walisimama wafanyakazi wa zamu mbili, wanaotoka na wanaoingia. Zebedayo alicheza mashimo sita kama mwanafunzi anavyocheza, si vizuri, si vibaya. Pale shimo la saba ukungu ulikuwa ungali unapanda.

Mpira wa kwanza ulikwenda juu, ukayumba kulia, ukatumbukia. Wafanyakazi wakaguna kwa pamoja, na Bwana Mtweve akatazama saa yake.

Mama Sikitu akampa wa pili. Zebedayo akautia kwenye kijiti, na alipoutazama aligundua kwamba haumuumizi. Hakuwaza baiskeli, hakuwaza kamati. Aliona majani. Akapiga.

Hakuinua kichwa. Alijua kwa masikio, kwa kuwa nyuma ya ua watu wote walivuta pumzi mara moja na hawakuiachia. Alipotazama hatimaye, mpira ulikuwa juu kabisa, mweupe juu ya weupe wa ukungu, ukipita pale ambapo miezi mitatu iliyopita ungekuwa umekwishazama. Ukagonga ukingo wa ng'ambo, ukaruka, ukajivingirisha kwenye majani mafupi, ukatulia. Hakuna aliyepiga makofi. Walisimama kama watu walioona nyota ya mchana.

Bwana Mtweve alizunguka korongo kwa daraja, akauokota mwenyewe, akaugeuzageuza. Hapakuwa na jina wala namba. Ulikuwa na doa la kijani lisilotoka.

"Fundi," akasema alipowarudia, "nilisikia umeagiza mipira ya gharama. Huu ni mpira gani?"

Mama Sikitu ndiye aliyejibu, mfuko begani, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Bwana Mwenyekiti, mpira haujui bei. Wajua mkono."

Mwenyekiti alimtazama mwanamke yule aliyembebea mfuko kwa miaka tisa, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuuona uso wake. "Na huu mkono wake," akauliza, "umefunzwa na nani?"

"Na huyu hapa," Zebedayo akasema, "na mkiona vyema, mpeni fimbo mjionee wenyewe."

Wakampa. Nami sitawaeleza ulikwenda wapi mpira wake, maana mmekwisha kuuona ukienda. Nitasema tu kwamba safari hii Bwana Mtweve ndiye aliyevua kofia, na wafanyakazi, walioishika pumzi yao kwa Zebedayo, waliiachia kwa Sikitu, na kelele zile zilisikika mpaka kiwandani.

Barua nne zilifika ofisini jioni ile ile. Ya tano ilifika kesho yake, na mwandishi wake alikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa. Wote walikubaliwa. Zebedayo mwenyewe, miaka sita baadaye, alinunua tena boksi la mipira ya Ulaya, na wanasema ilimtii, kwa kuwa wakati huo alikwisha kuwa na lugha ya kuiambia. Lakini kila aliyekuja kwake kujifunza alimpeleka kwanza kule chini, wakati wa kiangazi, akamtengea kangaga kwa mkono, akamwacha asimame na kutazama mpaka mwenyewe anyamaze.

Maneno ya Sikitu yakatoka uwanjani yakaingia kiwandani, yakaingia kwa mafundi cherehani na waashi, yakafika shuleni kwenu. Yule binti wenu wa mbio hakuambiwa kwamba viatu vizuri ni vibaya. Aliambiwa kwamba miguu yake ndiyo itakayoviambia viende wapi, na miguu hiyo bado haijakimbia.

Mpira haujui bei, wajua mkono.