Kidari cha Bibi Nakundwa

Hapo zamani, wala si zamani ile ya sungura kumdanganya fisi, ni zamani hii ya juzi tu, simu zimeshajaa mifukoni, palikuwa na kijiji cha mlimani kiitwacho Mpando. Nyumba zao ziko chini, mashamba yao yako juu, na katikati kuna njia ya kona saba ambayo hata mbuzi huipanda kwa kufikiri. Tegeni masikio, maana mwishoni nitauliza, na asiyejibu hatoki.

Kijijini hapo aliishi Bibi Nakundwa, mwenye miaka sabini na sita. Kila siku aliipanda njia ile kwenda kwenye tangawizi yake na maharage yake. Alikuwa akisema, "Siku nitakayoshindwa kupanda, mnizike." Watu walicheka wakidhani anatania.

Basi mwaka mmoja watu wakaanza kumsifu kwa adabu. Akikutana na mtu kona ya kwanza, anasimama. "Hujambo? Watoto hawajambo? Ng'ombe je? Na mama mkwe wako, lile goti limepoa?" Kona ya pili, anasimama tena. Kona ya tatu, vilevile. Mchungaji akamtaja kanisani: "Mtazameni Bibi Nakundwa! Siku hizi watu wanasalimiana huku wanakimbia, lakini yeye anasimama."

Bibi Nakundwa aliinamisha kichwa kwa aibu. Yeye peke yake ndiye aliyejua. Hakuwa akisalimia, alikuwa akitafuta pumzi. Kifua kilimbana, dunia ikamzunguka. Na mtu wa Mpando kuonekana ameketi njiani anahema, bora aonekane amevaa nguo ndani nje. Kwa hiyo alisalimia. Nani atamshuku mtu kwa kusalimia?

Je, nani aligundua? Si mchungaji, si mumewe, si binamu zake. Aligundua adui yake.

Adui huyo ni Bibi Niwaeli, jirani wa uzio mmoja. Miaka kumi na miwili hawakusemezana, na kisa ni mbuzi wa Niwaeli aliyekula miche ya kabichi ya Nakundwa. Siku moja wakakutana kona ya tano, njia nyembamba, hakuna mtu mwingine. Pumzi za Nakundwa zilikuwa zimekatika kabisa. Afanye nini? Akasimama, akajishikiza kwenye mti, akasema, "Niwaeli, hujambo? Na mbuzi wako hawajambo?"

Niwaeli nusura aangushe kikapu. Akapita zake. Lakini kuanzia siku ile alimchungulia Nakundwa asubuhi na jioni, wiki mbili nzima, na akaona jambo ambalo kijiji kizima hakikuliona: akipanda anasalimia, akishuka hasalimii.

Akaenda kwa Mzee Mbonea, mume wa Nakundwa, akasimama nje ya uzio asiingie. "Mzee, mkeo anakufa. Mwanamke mwenye afya wa nyumba hii hawezi kuniuliza habari za mbuzi. Kupanda anasalimia hadi mawe, kushuka ananipita kama hanioni. Huo ni moyo huo. Haya, nimesema, nakwenda zangu."

Mzee akateremka na mkewe hadi hospitali kubwa ya mjini. Moyo ukapigwa picha. Mlango mmoja wa moyo, ule unaopitisha damu kwenda mwilini, ulikuwa umekakamaa kwa uzee, haufunguki sawasawa. "Tutamwekea mlango mwingine," wakaambiwa.

"Thubutu!" akasema Bibi Nakundwa. "Chumvi niliyokula inatosha. Nirudisheni nyumbani."

Akarudi, akakaa kitini mlangoni, akawa analitazama shamba lake kwa mbali. Nyasi zikaanza kulimeza. Siku hizo alilia, jamani, tusifichane. Alilia peke yake, kwa sauti ndogo, kwa sababu hata kulia kulimchosha.

Mzee Mbonea alimjua mkewe kwa miaka hamsini. Alijua kumbembeleza ni kutwanga maji kwenye kinu. Akachukua kamba, akaenda bondeni, akakata majani ya ng'ombe, akafunga mzigo, akajitwika kichwani. Nanyi mjue kwamba Mpando, tangu na tangu, mwanamume hajitwiki majani. Na siku aliyochagua ilikuwa siku ya gulio, soko limejaa watu! Akapita mbele ya duka wanapokaa wazee wenzake, shingo imezama mabegani, majani yamemfunika macho, hasalimii mtu. Kesho yake akajitwika tena. Kesho kutwa tena. Siku ya nane mkewe akashindwa kuvumilia.

"Baba Elia, unaniaibisha."

"Sikuaibishi, mama Elia. Nakuonyesha maisha yetu yatakavyokuwa. Wewe kitini, mimi na majani."

"Mpaka lini?"

"Mpaka utengenezwe moyo, au mpaka shingo hii ikatike."

Bibi Nakundwa akamtazama mumewe, nyasi zimemjaa masikioni. Akacheka. Akacheka hadi pumzi zikamwisha, na katika kuhema kwake akasema, "Tua mzigo huo. Nitakwenda."

Mjini akampokea Daktari Siwema, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya taratibu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe ndiye utakayenipasua kifua?"

"Sikupasui kifua, bibi. Napitia pajani."

"Pajani? Moyo wangu ulihamia huko lini?"

Wauguzi walicheka hadi wakashikana. Daktari akamweleza: kuna mshipa mkubwa wa damu pajani, na ndani yake utapitishwa mrija mwembamba mpaka moyoni. Mlango mpya umekunjwa kwenye ncha ya mrija kama mwavuli, ukifika mahali pake unakunjuka. Na ndivyo ilivyokuwa. Kesho yake Bibi Nakundwa alitembea ukumbini. Siku ya tano aliruhusiwa kwenda nyumbani, na dawa zake, na amri ya kutembea kidogo kidogo. Wiki ya kwanza alifika kwenye uzio. Wiki ya tatu alifika dukani. Mwezi wa tatu akachukua jembe.

Kona ya kwanza, hakusimama. Kona ya pili, hakusimama. Kona ya tatu watu walikuwa wamejipanga wakingoja kuulizwa habari za ng'ombe. "Za asubuhi!" akasema, akapita. Kona ya nne mchungaji akaita, "Bibi Nakundwa, adabu yako imepotelea wapi?"

"Adabu ninayo, mchungaji! Kilichopotea ni ugonjwa!"

Kona ya tano, ya sita, ya saba. Akafika. Akasimama katikati ya magugu, moyo unapiga kwa nguvu na kwa mpangilio, akapiga kigelegele kilichosikika mpaka bondeni, na bondeni wanawake wakakipokea.

Mzee Mbonea akachinja mbuzi, kijiji kikaalikwa, hata Niwaeli, hata Daktari Siwema aliyepanda mlima siku yake ya mapumziko. Sasa, desturi ya Mpando ni kwamba mbuzi wa shukrani hugawanywa kwa wote, isipokuwa kidari, ile nyama ya kifuani. Kidari hakikatwi. Anapewa mtu mmoja tu, aliyekutendea wema kuliko wote, na jina lake linatajwa mbele ya watu. Likishatajwa, halirudishwi.

Bibi Niwaeli ndiye aliyeanza. "Kama si mimi, mngemzika huku mkisifu adabu yake! Nyote mlikuwa na macho. Aliyeona ni mimi."

"Uliona, kweli," akasema Mzee Mbonea. "Lakini kama si mimi, angefia kitini na habari zako. Shingo hii ndiyo iliyompeleka mjini."

"Wewe unayelala naye! Alilalia mito mitatu ili apumue, mimi niliiona inaanikwa uani, wewe hukuiona?"

Mzee akatazama chini. "Niliiona. Nilimsikia anahema. Nikaogopa kumuuliza, nikajifanya nimelala."

Bibi Nakundwa hakuwa amelijua hilo. Lilimchoma, na papo hapo akamwonea huruma.

"Na wewe, Niwaeli," Mzee akarudisha, "ulisema kwa upendo?"

"Upendo gani? Angekufa, ningenuniana na nani?"

Watu wakaangua kicheko, na Niwaeli mwenyewe akageuka upande, akajifuta macho kwa pembe ya kanga.

Daktari Siwema akasema, "Mimi nimekuja kula tu." Wakamsukuma aseme. "Basi, niseme. Aliporudi mjini baada ya kukataa, wenzangu waliniuliza, bibi wa miaka sabini na sita atengenezwe moyo ili afanye nini? Nikawajibu, ili apande shambani kwake. Nikabishana nao siku mbili. Kama si mimi, angepewa vidonge tu, akarudishwa nyumbani."

"Lakini hiyo ni kazi yako," akasema Niwaeli. "Ungemfanyia yeyote."

"Ndiyo, ni kazi yangu. Lakini siku ile ningenyamaza, hakuna ambaye angenilaumu."

Sauti ikatoka nyuma: "Apewe Nakundwa mwenyewe! Nani alizipanda kona saba?"

"Kidari mtu hajipi," akajibu Bibi Nakundwa, akainuka. Akakichukua kidari, kizima, kizito, kimelala juu ya jani la mgomba. Mbele yake walikuwa watatu: jirani ambaye angeweza kununa miaka kumi na miwili mingine, mume ambaye hangesema kitu lakini angeumia, na mgeni ambaye kesho angerudi mjini. Akawatazama mmoja mmoja. Akavuta pumzi, ikaingia yote. Akapiga hatua, akafungua kinywa atamke jina.

Ngojeni kwanza! Kabla sijawaambia lilikuwa jina gani, semeni ninyi, maana kidari ni kimoja na hakikatwi. Mwenye kuona, mwenye kujitwika, mwenye kutengeneza. Je, nani alistahili?