Mpunga wa Bi Mwanamvua na Walinzi Wake Watatu

"Paukwa."

"Pakawa."

"Nikiwapa ngano mtaipokea?"

"Tutaipokea kwa mikono miwili."

"Na usingizi je?"

"Tumeufungia nje."

Basi sogeeni. Hapo kale, wakati mto mkubwa ulipokuwa ukibadili mkondo upendavyo, paliondokea mwanamke mjane, jina lake Mwanamvua. Alikuwa na shamba la mpunga alilorithi kwa marehemu mumewe. Mwaka huo mafuriko yalipita mabondeni yakazoa mpunga wa kijiji kizima. Wake ukabaki, maana shamba lake lilikuwa mahali palipoinuka. Watu wote wakawa wanautazama mpunga ule. Si wa kula tu, wa mbegu. Ukipotea ule, msimu ujao wangepanda nini, mawe?

Mpunga ukachanua. Ukatoa masuke. Masuke yakaanza kuinama. Na ndege wakasikia habari.

Nyie mnawajua kwelea? Ndege mdogo, ukimfumbata mkononi humwoni. Lakini haji peke yake. Huja kama moshi, na pale moshi ule unapotua, ukiinuka huoni ila makapi matupu.

Bi Mwanamvua akatafuta watu wa kuamia ndege, kuwafukuza wasile. Akapata watatu. Wa kwanza Mtulia, mtu mzima, hodari wa kombeo. Wa pili Sikudhani, mwanamke mwenye sauti ya kuvuka mto. Wa tatu Kondo, fundi wa kamba na vibuyu vya kokoto vya kutishia ndege. Kila mmoja akajengewa dungu lake juu ya nguzo, akapanda, akakaa.

"Mavuno yakifika," akawaambia, "kila mtu kapu la mpunga."

Wakashukuru. Wakapiga kelele asubuhi, wakapiga kelele mchana, wakapiga kelele jioni. Haikupita muda, kelele zikapungua. Ndege wakala pembe moja ya shamba.

Bi Mwanamvua akasema moyoni, mkono mtupu haulambwi. Akaongeza. "Kila mtu kapu la mpunga, na mbuzi juu yake."

Wakashukuru. Kelele zikarudi. Haikupita muda, zikapungua. Ndege wakala pembe ya pili.

Akaongeza tena. "Kapu la mpunga, mbuzi, na kaniki mpya. Kaniki nawapeni leo leo."

Wakashukuru. Wakavaa kaniki zao. Na ndani ya kaniki zile, wasikilizaji wangu, wakalala usingizi mzuri kuliko wa jana. Ndege wakala pembe ya tatu.

Sasa msiseme walikuwa wavivu. Ngojeni niwaonyeshe jambo.

Siku moja jua la utosini, wingu la ndege lilishuka upande wa Sikudhani. Sikudhani alisimama akapiga ukelele, akapiga tena, akapiga mpaka sauti ikakatika, akavua kilemba akawa anakipunga. Ndege wakageuka. Akaketi akitweta. Mara Bi Mwanamvua huyo, anakuja kwa ukingo wa shamba, macho kwenye masuke.

"Pale kuna masuke matupu," akasema.

"Ni ya juzi, mama."

"Ya juzi, ya leo, ni matupu." Akapita zake.

Hakuinua uso. Alijua kila suke lililoliwa. Suke lililopona hakulihesabu, wala aliyeliponya. Mkono wake ulikuwa wazi, mdomo wake umefungwa. Na vivyo hivyo kwa Mtulia, na vivyo hivyo kwa Kondo.

Ilipobaki pembe moja na katikati, Bi Mwanamvua hakuweza tena kula. Akienda kisimani wanawake wanamuuliza, "Mbegu zetu hazijambo?" Anajibu hazijambo. Akaona heri aende kwa mganga.

Mganga alikuwa mwanamke wa makamo, Nyamwela, mtu wa vicheko. Alimkuta anamenya karanga.

"Hodi hapa."

"Karibu. Kaa umenye na wewe, huku unaniambia."

Akamenya, akamwambia yote: kapu, mbuzi, kaniki, usingizi. Nyamwela akamsikiliza, akauliza jambo moja tu. "Hao watu wako wanafanya nini huko juu?"

"Wanalala."

"Na wasipolala?"

"Sijui," akasema Bi Mwanamvua, akachukua karanga nyingine.

Nyamwela akaingia ndani, akatoka na kifurushi cha jani la mgomba. "Dawa ya ndege hii. Kila jioni uipitishe chini ya kila dungu. Ina mwiko mmoja. Ukifika, mwambie aliye juu jambo moja jema alilolifanya siku hiyo, ulilolishuhudia mwenyewe. Ukisema usiloliona, dawa inageuka, inawaita ndege."

Bi Mwanamvua akarudi mbio. Jioni ile ile akasimama chini ya dungu la Mtulia. Hakuwa ameona kitu, lakini akasema, "Kaka Mtulia, leo umefanya kazi nzuri sana."

Mtu aliye juu akachungulia. "Mtulia yuko msibani tangu alfajiri, mama. Mimi ni shemeji yake."

Haya hiyo aliipeleka wapi? Aliipeleka nyumbani.

Kesho yake akabuni jingine. Akaenda kwa Mtulia, akasema, "Wewe ndiwe bora kuliko wenzako." Akaenda kwa Sikudhani, "Wewe ndiwe bora kuliko wenzako." Akaenda kwa Kondo, maneno yale yale. Jioni wale watatu wakakutana kwenye ugali. Wakaulizana. Wakacheka mpaka ugali ukapoa, na asubuhi hakuna aliyeamka mapema. Sifa ya bure ni kama chungu kilichotoboka, watu wangu. Hupikii.

Siku ya tatu Bi Mwanamvua akafanya asilowahi kufanya. Akajifunga kibwebwe, akapanda dunguni kwa Sikudhani.

"Umekuja kunilinda, mama?"

"Nimekuja kutazama. Endelea."

Basi akatazama. Jua likampiga. Kelele zikamjaa masikioni. Akamwona Sikudhani akikesha na anga kama mama mwenye mtoto mgonjwa. Na ndege walipotulia, akamwona anashuka, anaingia majini, anainua mpunga ulioangushwa na upepo, anaufunga kwa majani, suke kwa suke.

Jioni akasema, "Sikudhani, nimekuona unauinua mpunga ulioanguka. Sikukutuma. Ungeozea majini ule, na mimi nisingejua. Ahsante."

Sikudhani akajifuta tope mikononi. Kisha akasema, "Tangu wiki ile ya upepo nafanya hivyo. Nilidhani hakuna anayeona."

"Hakukuwa na anayeona," akasema Bi Mwanamvua. "Hilo ni kosa langu."

Akapanda kwa Mtulia. Akaona kwamba kila donge la kombeo lake lilitua kwenye maji, ng'ambo ya mpunga, lisivunje hata bua moja. Akamwambia. Mtulia akakohoa, akatazama pembeni, na siku iliyofuata alifika shambani kabla ya jua. Akapanda kwa Kondo. Akaona kamba za vibuyu vya kokoto, zimekatwa na nguruwe mwitu, zimeungwa upya fundo kwa fundo. Akamwambia, tena akamwambia mbele ya mkewe Kondo aliyeleta chakula. Kondo akala akitabasamu.

Kelele zikarudi shambani. Safari hii hazikupungua.

Kisha mvua ikanyesha. Kifurushi kikalowa, jani likapasuka, dawa ikamwagika kiganjani. Bi Mwanamvua akaitazama, akainusa. Majivu. Majivu ya jikoni, na ganda la karanga ndani yake.

Akaenda kwa Nyamwela. "Umenipa majivu."

"Nimekupa," akasema Nyamwela. "Ungekubali kupanda dunguni kama ningekuomba tu?"

Bi Mwanamvua alitaka kukasirika, hakuwahi, maana upande wa vilima anga lilikuwa limekwisha kuwa jeusi. Si wingu la mvua. Lilikuwa linapinda na kunyooka.

Akakimbia. Akafika chini ya madungu, pumzi hana. "Jamani, dawa sina. Ilikuwa majivu."

Wale watatu wakatazamana. "Dawa gani?" akauliza Kondo.

Hawakujua habari za dawa hata kidogo.

"Panda, mama," akasema Sikudhani. "Shika debe hili. Piga."

Akapanda. Ndege wakashuka. Sikudhani akaita, Mtulia akavurumisha, Kondo akavuta kamba, vibuyu vikalia shamba zima, naye Bi Mwanamvua akapiga debe na kupaza sauti. Ndege wakainuka, wakazunguka, wakashuka. Wakafukuzwa. Wakainuka, wakazunguka, wakashuka. Wakafukuzwa. Wakainuka tena, wakaning'inia juu kama wanashauriana. Kisha moshi ule ukageuka, ukavuka mto, ukaenda kwenye mafunjo, ukapotelea huko.

Bi Mwanamvua akakaa chini kwenye ubao wa dungu. Akatazama mpunga. Umesimama. Akavuta pumzi ndefu, pumzi aliyoibana tangu masuke yalipotoka, akaiachia yote. Machozi yakamtoka, naye hakuyafuta. Huko ng'ambo Mtulia alikuwa amelala chali dunguni kwake, anacheka peke yake. Hakuna aliyemwambia aamke.

Siku chache baadaye mavuno yakafika. Makapu wakapewa, mbuzi wakapewa. Msije mkatoka hapa mkasema sifa huliwa na ugali, hapana. Mtu alipwe haki yake, halafu aonwe.

Kijiji kikaja kuchukua mbegu. Watu wakataka kumshukuru mwenye shamba. Bi Mwanamvua akainua mkono, akataka kusema, sauti haikutoka. Ilikuwa imekwisha siku ya ndege. Akanong'ona. Waliokuwa nyuma wakawanyamazisha wa mbele, wa mbele wakawanyamazisha watoto, mpaka pakawa kimya kabisa. Na katika kimya kile, kwa sauti ya kukwaruza, akataja: Mtulia, na alichofanya. Sikudhani, na alichofanya. Kondo, na alichofanya. Kila mtu akasikia.

Ngano yangu imefika ukingoni, mimi nimeshuka. Tamu yake gawaneni. Chungu yake niachieni.

"Tumegawana?"

"Tumegawana."

"Aliyekosa?"

"Hayupo."