Ngoma ya Shamba la Mzee Tembo

Hapo zamani za kale, wanangu, kabla tembo hawajajifunza kuomba radhi, Mzee Tembo alikuwa na shamba la mahindi. Alikuwa mwadilifu kupita kiasi. Aliajiri wanyama wa kila aina, na wageni wakipita aliwaambia kwamba kwake hakuna ubaguzi: mdundo mmoja kwa wote.

Mdundo huo aliupiga mwenyewe, amekaa kivulini na ngoma yake. Puu, majembe juu. Puu, majembe chini. Aliyekosa mdundo alikosa na chakula cha mchana. Haki tupu.

Kobe alichelewa kila puu. Bi Kindi naye aliitangulia kila puu, maana mikono yake haikujua kungoja. Basi wote wawili walishinda njaa, kwa usawa kabisa. Lakini Bi Kindi alikuwa ananyonyesha, na maziwa yalikuwa yameanza kumkatika.

Asubuhi moja akamwendea mzee, akainama, akatoa shikamoo ndefu.

"Mzee wangu, wageni wa jana wamesema neno. Naona haya kulirudia."

"Lirudie."

"Wanasema wote tunalima isipokuwa wewe. Eti unajibagua."

Masikio ya Mzee Tembo yakasimama. Yeye, abague? Akadai jembe palepale. Na ngoma apige nani? Bi Kindi akasema kwa unyonge kwamba angejaribu, ingawa hajui kitu.

Te-te-te-te-te-te!

Wanyama wengine wakaweka majembe chini wakatazama; njaa ya siku moja haikuwatisha. Mzee Tembo aliinua jembe, na kabla halijashuka akadaiwa kuinua tena. Mkonga ukajisokota kwenye mpini. Tifu! Akalala chali.

"Pole, mzee," Kobe akamwambia akipita. "Mimi siku hizi naona afadhali nisianze."

Chakula kilipoiva, Mzee Tembo akanyoosha sahani. Bi Kindi, mwenye ngoma sasa, akaifunika kwa mkia.

"Umekosa mdundo, baba. Nikikupa wewe nikamnyima Kobe, si nitakuwa nimebagua?"

Tumbo la mzee likanguruma. Akatangaza kwamba tangu siku hiyo kila mmoja angelima kwa mwendo wake, na wote wangekula. Akaongeza kwamba hilo lilikuwa wazo lake tangu awali.

Wote wakaitikia kwamba ni kweli, huku wanapakua.

Ukitaka kujua kama ngoma yako ni ya wote, mpe mwingine aipige.