Msumeno wa Meno Makubwa

Mwenye kikohozi akohoe sasa, na mwenye mtoto mchanga ampe titi, maana hadithi hii nitaisema mara moja tu, tena polepole.

Huko nyanda za juu, kwenye migomba na mvua isiyokatika, waliishi mafundi watatu wa umeme, na kila mmoja Mungu alimpa kipawa chake.

Gwakisa alipewa sikio. Aligonga bati kwa ukucha, akasikiliza, akakwambia unene wake na msumeno unaolifaa. "Bati jembamba lataka meno madogo yaliyosongamana," alizoea kusema. "Meno makubwa hulirarua kama mbwa."

Lusajo alipewa mkono. Alikata bila kuchora mstari, na ukiweka rula pale alipokata, hata mwanga haukupenya.

Ambakisye alipewa vidole. Alipitisha nyaya kwenye kona asizoziona, kama bibi anayetunga shanga huku amefumba macho.

Katika mji wao aliishi mjane mmoja, Sekela, na mwanawe wa pekee, Ipyana, mwalimu wa kwaya. Ukimwita "Mama Ipyana", aliitika kabla hujamaliza.

Kanisa lao lilikuwa likiwekewa taa. Nyaya zilipaswa kupita ukutani ndani ya trankingi, ule mfereji wa bati wenye kifuniko. Ijumaa kabla ya sikukuu ya mavuno kazi ilikuwa bado. Sekela akaja akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Nyie wanangu, Jumapili Ipyana ataimba gizani? Wanaume watatu mmeshindwa na ukuta mmoja?"

Wakacheka, lakini maneno yaliwachoma.

Gwakisa akafungua sanduku. Msumeno wa meno madogo ulikuwamo, ila ule hukata taratibu. Akachukua wa meno makubwa. Sikio lake lilimkataza. Moyo ukamwambia: Lusajo ana tupa, atasugua kingo zote.

Lusajo akautazama. "Ndugu yangu, huu si wa kupasulia kuni?"

"Unauogopa?"

"Mimi? Nipe hata mfupa wa samaki, nitakata."

Akakata. Mstari ulinyooka, lakini ukingo ukabaki na miiba ya chuma. Tupa alikuwa nayo mfukoni. Moyo ukamwambia: Ambakisye huvisha mpira kila ukingo kabla ya kupitisha waya.

Ambakisye akavuta nyaya. Kwenye kona moja waya ukashika kidogo, kama nguo kwenye mwiba. Vidole vyake vilijua. Mpira alikuwa nao. Moyo ukamwambia: amechagua Gwakisa, amekata Lusajo, na hawa hawakosei. Akavuta kwa nguvu, waya ukapita, ganda lake likachunika humo ndani.

Ulibaki waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliopotea njia. Huo walizoea kuufunga wote watatu kwa pamoja, mwisho wa kazi, kwa sala. Wakauacha mpaka Jumatatu.

Taa zikawaka. Sekela akawabariki, akawapikia ndizi, akawamiminia maziwa mgando.

Jumamosi Ipyana alikwenda kupamba kanisa. Sakafu ilikuwa imedekiwa, naye alikuwa peku. Akashika trankingi ili afunge kamba ya maua. Umeme ukamnasa. Maua ndiyo yaliyoanguka kwanza.

Sasa, mafundi wa huko wana desturi yao. Chombo kilicholeta kifo hakirudi kazini. Mfiwa hukipigilia juu ya mlango wa mwenye hatia, na mtu huyo hafanyi tena ufundi mpaka anakufa. Lakini chombo ni kimoja, na mlango ni mmoja. Kikishatundikwa, wengine wote wametakata, na hakuna wa kuwadai.

Baada ya maziko mchungaji alimwendea Sekela, akamkumbusha kwamba kisasi ni cha Mungu.

"Mungu ana kiti chake cha hukumu, Baba Mchungaji, na amekikalia tangu zamani," alisema Sekela. "Mimi nina msumari tu. Niache nao."

Akapiga magoti, akaomba: "Bwana, usinipe amani mpaka unipe jina."

Mafundi wakaja na msumeno, wakaketi chini mbele yake.

"Sikio lilikwambia nini, Gwakisa?"

"Lilinikataza, Mama."

"Ukaliziba. Na wewe Lusajo, tupa ilikuwa wapi?"

"Mfukoni, Mama."

"Ikifanya nini humo? Ikiota joto?"

Ambakisye alikuwa analia. "Waya ulishika, Mama. Nilihisi."

"Ukavuta."

"Nikavuta."

Hapo Gwakisa akainua uso. "Mama, kwa msumeno wa meno madogo tungemaliza Jumanne. Nani alisimama mlangoni Ijumaa?"

Sekela akamzaba kofi. Gwakisa hakujikinga. Mkono ule wa mama ulibaki hewani muda mrefu, kama umesahau kwao.

Asubuhi alitoka na msumeno, nyundo na ule msumari. Nyumba za mafundi ziko kwenye njia moja na yake, na milango yote ilikuwa wazi. Alisimama kwa Gwakisa. Akasimama kwa Lusajo. Akasimama kwa Ambakisye. Kisha akageuka, akautazama mlango wake mwenyewe, ambapo koti la kwaya la Ipyana lilikuwa bado linaning'inia.

Msiniambie alisamehe. Hakusamehe. Alitaka mlango mmoja tu, na alikuwa tayari uwe wowote kati ya hiyo minne.

Haya, nyie mliokaa hapa. Kuna sikio lililozibwa, kuna tupa iliyolala mfukoni, kuna vidole vilivyovuta, na kuna mdomo uliohimiza. Je, wewe ungeupigilia wapi? Msijibu kwa haraka, mmeona haraka ilichofanya. Lakini jibuni, maana mama wa watu amesimama njiani, na nyundo amekwisha kuiinua.