Pimbi Ampangia Nyani Mazoezi

Hapo zamani, enzi ambazo wanyama walinyanyua mawe kama vijana wa leo wanavyonyanyua vyuma, Pimbi alikuwa ameketi juu ya jabali akiota jua la asubuhi. Mkewe, Siwema, akatoka ndani akamwambia, "Sogea kidogo, Baba Watoto. Umenikalia jua langu."

Pimbi akasema angoje kwanza apate joto. Siwema akacheka, akaenda kukaa upande wa pili, ukingoni. Hapo ndipo mkono wa Nyani ulipomfikia, ukamnyakua.

Nyumba ya Pimbi ilikuwa chini ya bamba kubwa la jiwe, na mlango wake ulikuwa ufa mwembamba tu. Pimbi alipokimbilia humo, mkono wa Nyani haukupita. Lakini aliwasikia watoto wakilia ndani, na tangu siku ile alitaka kitu kimoja: nguvu za kuliinua bamba lile.

Alifanya mazoezi palepale mbele ya jabali na rafiki yake Fisi. Fisi alimpangia kwa akili: leo kifua na mabega, kesho mgongo na mikono, keshokutwa miguu, kisha apumzike. Nyani akatanuka. Kila baada ya mapumziko alikuja kulijaribu bamba. Krrr, likakwaruza. Asubuhi moja Pimbi, akiwa amewakumbatia wanawe ukutani, aliona mwanga ukiingia mahali ambapo haukuwahi kuingia.

Aliona na jambo jingine. Siku iliyofuata mazoezi ya miguu, Nyani hakuligusa bamba. Alishuka mtelemko kinyumenyume, amejishika mapaja kama mgonjwa.

Jioni ile Pimbi akatoa kichwa kwenye ufa.

"Shikamoo, Bwana Nyani."

"Marahaba. Kumbe ungali hai. Mkeo alikuwa laini sana. Wewe je?"

Pimbi akajibu kwamba yeye ni mifupa mitupu. "Ila nakutazama, Bwana, na naona unajichelewesha. Ukiinua bamba, unatumia nini?"

"Vigasha vya mikono, vya kushikia. Mgongo. Mapaja."

"Vyote kwa wakati mmoja?"

"Kwa wakati mmoja."

"Basi mbona unavifanyisha mazoezi siku mbalimbali, kama wake wenza wasiosalimiana?"

Fisi akaingilia. Alisema msuli uliochoka huhitaji kulala ndipo ukue, na kwamba mgongo na miguu ukivichosha pamoja, mwili mzima haubaki na pa kuegemea.

"Bwana Fisi lazima aseme hivyo," Pimbi alisema. "Ukimzidi nguvu, mizoga atagawa nani?"

Nyani akamgeukia Fisi, akamtazama. Fisi akainamisha masikio, akaondoka zake.

"Na wewe unapata nini?" Nyani akauliza.

"Ukifungua, chukua watoto. Mimi uniache."

Nyani akacheka polepole. Aliamini mara moja, kwa sababu yeye mwenyewe angesema vivyo hivyo.

Pimbi aliporudi ndani, watoto walikuwa wameacha kulia. Walikuwa wamesikia. Alipowasogelea wakasogea mbali, hadi kwenye kona ya mwisho. Hakuweza kuwaeleza, maana sikio la Nyani lilikuwa ufani. Akakaa peke yake.

Kuanzia hapo Pimbi ndiye aliyechagua mawe. Ya kuning'inia kwa vidole, ya kuvuta kwa mgongo, ya kuchuchumaa nayo. Yote siku moja, na kesho yake tena, bila kupumzika. Nyani alipolalamika kwamba anaumwa, Pimbi alimwambia kuwa maumivu ni nguvu zinazoingia. Siku ya kuamkia kuliinua bamba akamwambia aongeze mawe, na Nyani akaongeza.

Kulipokucha, Nyani alikuja na kulishika bamba. Krrr. Krrr. Likainuka. Alikuwa na nguvu kweli. Hilo Pimbi hakuwahi kulikana. Mwanga ukajaa nyumba nzima, mpaka kwenye kona walipojibana watoto. Nyani akaingiza kichwa na bega.

"Wako wapi?"

Pimbi akaenda kusimama mbele ya wanawe. Vidole vya Nyani ndivyo vilivyoanza kutetemeka. Kisha mapaja. Nyani alitaka kujisaidia kwa mgongo, na mgongo haukuitika. Akataka kurudi nyuma, miguu ikakataa.

"Shikilia, Bwana," Pimbi akasema. "Shikilia tu."

Puu! Bamba likamwangukia Nyani.

Vumbi lilipotulia, ndani kulikuwa giza. Baadaye Fisi alikuja. Alizunguka, akanusa, akamshika rafiki yake mguu, akaanza kumburura kuteremka.

"Nilimwambia apumzike," alisema.

Pimbi, kule ndani, akawageukia wanawe.

Basi, wanangu, mwenye nguvu asiende kutafuta shauri katika nyumba aliyoitia msiba.

Asubuhi iliyofuata Pimbi alitoka, akapanda juu ya jabali, akaketi mahali pake. Jua lilipofika, akasogea kidogo. Watoto wakatoka mmoja mmoja, wakakaa karibu naye, na pale alipopaacha wazi hapana aliyepakalia.