Mifupa, Ngozi na Kiu

Hapo zamani, tena si zamani ya majini na masultani, ni zamani ya juzijuzi tu, ya simu za tochi na saruji ya mifuko, palikuwa na kijiji kiitwacho Nampembe, kule kusini ndani ndani, kwenye mikorosho. Sogeeni. Hadithi hii ina swali mwishoni, na asiyesikiliza mwanzo hana ruhusa ya kubisha mwisho.

Huko kusini, msidhani nawatania, ardhini walilala wanyama wa kale wakubwa kupita nyumba. Mifupa yao ilichimbwa enzi za mababu, ikabebwa kichwani mpaka pwani, ikapakiwa melini, ikaenda zake Ulaya. Vitabu huwaita dinosaria. Watu wa Nampembe huwaita mijusi, basi. Ukifika kule ukasema dinosaria watakuuliza umesomea wapi. Ukisema mjusi watakuvutia kiti.

Hapo Nampembe alikuwepo fundi wa kuchomelea vyuma, jina lake Fakihi. Alitengeneza vitanda na keria za baiskeli. Hiyo ilikuwa kazi ya tumbo. Moyo wake ulikuwa kwingine. Korosho zikishauzwa, watu wakikaa kitako kucheza bao, yeye alichora mijusi ukutani kwa mkaa. Siku moja akasema, "Nitajenga mmoja. Mkubwa kupita lori. Asimame njia panda, kila mtu amwone."

Wakamwuliza, "Wa kuuza?"

Akasema, "Wa kutazama."

Watu wakaangaliana. Mtu mzima, ana mke na watoto, anataka kujenga kitu cha kutazama! Lakini Fakihi alikuwa na furaha usoni, na mtu mwenye furaha ni vigumu kumshauri.

Akamwendea shangazi yake, Asumini, mfinyanzi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekuja mikono mitupu, huna hata sufuria ya kunionyesha?"

"Shangazi, nataka tujenge mjusi."

"Mjusi? Mimi mijusi nawafukuza kwa ufagio, wewe wataka kuwajenga?"

"Si huyu wa ukutani. Huyu shingo yake inavuka paa."

Shangazi akaweka chini chungu alichokuwa akikifinyanga. Akafuta mikono. Akauliza, "Ngozi yake ikoje?"

Hapo Fakihi akajua amempata.

Basi wakaanza. Kazi za riziki zikiisha, wanakwenda njia panda. Fakihi akakusanya nondo zilizobaki kwenye majengo ya watu, mabomba makuukuu, vyuma vya trekta bovu. Akapinda, akakata, akachomelea. Miguu minne ikasimama. Mbavu zikapandana. Mkia ukaenda mpaka ukagusa mwembe wa jirani, jirani akalalamika, mkia ukapindwa. Nondo zikaisha kabla shingo haijaisha, naye akamalizia kwa mabomba ya fremu za baiskeli. Juu ya yote akafunga wavu wa kuku. Fakihi akampa mjusi mifupa.

Asumini akachovya magunia kwenye saruji akayatandaza juu ya wavu, kisha akapiga lipu kwa mkono, si kwa mwiko, maana alisema mwiko hauna adabu. Na lipu ikiwa bado mbichi akachukua gunzi la mahindi, akalibiringisha juu yake, vile vile anavyobiringisha shingoni mwa mitungi yake. Gunzi likaacha vijidoa vidogo vidogo, safu kwa safu. Mjusi mzima akapata magamba, ikabaki shingo tu. Ukipapasa unasisimka, unadhani atashtuka. Asumini akampa mjusi ngozi.

Tena alikuwepo wa tatu, Nandonde. Ngojeni, ndiyo nafika.

Nandonde alikuwa mtani wao. Babu zake walipigana na babu za kina Fakihi, wakachoka, wakapatana, na mapatano yakazaa utani. Utani wa kusini mnaujua. Mtani wako anaweza kukuita mtumwa, akachukua kuku wako mchana kweupe, na wewe ukinuna, wewe ndiye mwenye kosa, tena unatozwa kuku wa pili. Nandonde alikuja kila jioni na kigoda chake. Hakushika koleo. Hakubeba ndoo. Alikaa tu akisema.

"Haya, watumwa wangu, mmefikia wapi? Huyu ni mjusi, au ni kitanda kimeota miguu?"

Watu wakicheka, na kazi inaendelea. Nawaambia kweli, zilikuwa jioni njema.

Tatizo likaja kwenye shingo. Fakihi alisema, "Shangazi, shingoni piga lipu nyembamba." Shangazi akasema, "Ngozi nyembamba haishiki gunzi. Wataka shingo yake iwe uchi?" Akapiga nene. Wakaenda kulala wakiwa wamefurahi.

Asubuhi walipofika, shingo ilikuwa imeinama. Yale mabomba ya baiskeli yalikubali uzito polepole, yakapinda, na kichwa kilichokuwa juu ya paa sasa kilikuwa chini ya goti. Lipu ya juu imepasuka, ya chini imekunjamana. Mnyama mkubwa kupita lori, kichwa kinaelekea vumbini.

Asumini akakaa chini, kanga mdomoni. Fakihi alikwenda nyumbani akarudi na nyundo kubwa ya kuvunjia mawe. Akainyanyua. Alikuwa anataka kuanza na kichwa, amalize na miguu, asimwone tena.

Hapo ndipo Nandonde akafika na kigoda chake. Akatazama. Akaweka mikono kichwani, akapiga ukelele mpaka watu wakatoka majumbani.

"Jamani! Jamani wauaji! Mmemsimamisha juani miezi yote hii, na hakuna hata mmoja aliyempa maji! Mnyama wa watu ana kiu!"

Akakimbia mpaka kwa Asumini, akabeba mtungi mkubwa kuliko yote bila kuomba, akauweka chini ya mdomo wa mjusi, akajaza maji. "Kunywa, baba. Hawa ni watumwa, hawajui kulea."

Fakihi alikuwa na nyundo hewani na hasira kifuani. Lakini huwezi kumkasirikia mtani. Ni mwiko. Ilibidi acheke. Akacheka kwa shida, kisha akacheka kweli, na mtu anayecheka hawezi kushika nyundo. Ikaanguka. Alipofuta machozi akatazama tena, na safari hii akaona. Mjusi hakuwa ameanguka. Alikuwa anakunywa.

"Shangazi," akasema, "njoo usimame hapa nilipo."

Asumini akaja, akatazama, akasema, "Lete saruji."

Fakihi akaomba nondo moja kwa jirani, akaipitisha kutoka mdomoni, ikatoboa mtungi, ikazama ardhini, shingo ikapata pa kuegemea. Asumini akaziba tundu la mtungi na nyufa za shingo, akazipitishia gunzi. Na kuanzia siku ile mjusi wa Nampembe akawa anakunywa maji njia panda, shingo imeshuka kwa utulivu, mgongo juu, mkia umempisha jirani. Nandonde akampa mjusi kiu.

Watu walikuja kutoka vijiji vya mbali. Maharusi walipita pale kupiga picha. Mbuzi walikunywa mtungi mmoja na mjusi wala hawakumwogopa. Kijiji kikaona fahari, kikakaa kikao, kikasema, "Kiumbe hiki hakina jina. Kipewe jina la aliyekifanya, liandikwe miguuni pake." Wakamwita Twahiri, mwandika mabango, aje na rangi.

Twahiri akachuchumaa, akachovya brashi, akauliza, "Niandike nani?"

Fakihi akasema, "Niandike mimi. Ngozi bila mifupa ni gunia. Lakini silitaki jina kwa ajili yangu. Babu yangu alibeba mifupa ya mijusi kichwani mpaka pwani. Mifupa ile kule Ulaya ina majina, babu aliyeibeba hana jina popote. Jina langu ndilo lake, nimelirithi. Fakihi, likiandikwa hapo, ni yeye."

Twahiri akasogeza brashi.

Asumini akasema, "Ngoja kwanza. Nani anaona mifupa? Wanaokuja hapa wanapapasa nini? Tangu nivunje ungo nafinyanga, na kila nilichofinyanga kimevunjika. Cha harusi kimevunjika, cha msiba kimevunjika, mtungi wa mama mkwe ulivunjika naye yu hai, bado anachota maji. Huyu ndiye kitu changu cha kwanza kitakachonizika. Niandike mimi."

Fakihi akasema, "Lakini shangazi, ngozi yako nene ndiyo iliyomwinamisha."

Asumini akasema, "Na chuma chako cha baiskeli ndicho kilichokubali kuinama, mwanangu."

Kisha Nandonde akainuka kwenye kigoda. Akasema, "Mimi leo sina utani."

Kijiji kizima kikaangua kicheko.

"Nimesema sina utani!"

Wakacheka mpaka wengine wakashikana mabega. Nandonde akangoja. Akasema, "Mwaka juzi niliugua. Nikapiga kelele kwamba nakufa, mkacheka. Mlikuja mke wangu alipolia. Kila neno langu mnaligeuza kicheko. Ni neno moja tu katika maisha yangu lililosikilizwa likafanyiwa kazi, nalo ni kiu. Kabla ya neno hilo, huyu alikuwa anangoja nyundo. Andika Nandonde, watu walisome bila kucheka."

Mtu mmoja akamwambia, "Lakini wewe ulikuwa unatania tu! Hukukusudia kumwokoa."

Nandonde akasema, "Na mvua hukusudia mahindi ya nani?"

Wengine wakasema, basi waandikwe wote watatu. Twahiri akakataa. "Mtoto hupewa jina la somo wake mmoja," alisema. "Mkimpa masomo watatu, siku ya shida kila mmoja atadhani mwenzake ameitika." Wazee wakakubali, kweli ndiyo desturi.

Asumini akamtazama Nandonde, na Fakihi akamtazama Nandonde. Watu bado walikuwa wanacheka. Wao wawili hawakucheka. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyesema, "Mwandike yeye."

Sasa Twahiri amechuchumaa pale, brashi mkononi, rangi inaanza kukauka. Aliyempa mnyama mifupa anangoja. Aliyempa ngozi anangoja. Aliyempa kiu anangoja. Mimi ninalo langu moyoni, wala silisemi. Semeni ninyi, tena asiseme mtu kwa kucheka: miguuni pa yule mnyama, Twahiri aandike jina la nani?