Jumba Lililodai Baraza Yake

Wajukuu, mpo?
"Tupo, bibi!"

Basi palikuwa na jumba mjini. Sultani alilikalia, baraza yake akawaachia wapita njia. Askari wakaligeuza gereza, baraza wasiiguse. Akaja tajiri Tamimu, akaligeuza hoteli, akamfukuza Bi Mwanashehe, mjane aliyeuza vitumbua pale barazani.

"Toka, bibi! Unanichafulia wageni."

"Hata askari hawakunifukuza, mwanangu. Huna haya?"

Akaibomoa baraza, fidhuli yule, akaingia ndani. Papo hapo mlango ukawa ukuta.

"Nifungulie, ewe jumba!" akalia mara tatu.

Jumba likanguruma: "Jenga ulichobomoa!" Likamfungulia tundu la kutoa mikono tu.

Mpaka leo anajenga, na Bi Mwanashehe anamsimamia: "Hapo pamepinda. Bomoa, uanze tena!"